Historia Iko Mlangoni: Namna ya Kufanya Kazi ya Likizo ya Historia na Serikali

Nia yangu katika makala haya ni kueleza jambo linalotukeresha wanafunzi wengi wa Historia na Serikali, nalo ni kazi ya likizo: kwa nini hutolewa, na namna ya kuifanya hadi ikufae. Naandika kwa haraka kidogo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sisi wa kidato cha tatu ndio mkia wa mfumo wa 8-4-4. KCSE yetu ya 2027 imepangwa kuwa ya mwisho, na wadogo wetu wanaotufuata wanasoma somo liitwalo Historia na Uraia. Sababu ya pili ndiyo nzito, na nitaifikia.

Kila tunapofunga shule, Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, kiranja hutugawia karatasi za maswali. Hapo minong'ono huanza: ati likizo ni ya kupumzika, kwani mwalimu hana huruma? Kwa sehemu fulani sheria iko upande wetu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inakataza mwanafunzi kufanyiwa tuisheni wakati wa likizo. Lakini kupewa kazi ya kufanya kwenu, kwa wakati wako, si tuisheni. Wala hatuko peke yetu. Kule Marekani wanafunzi wa shule za upili wanaochukua masomo ya juu ya historia na serikali mara nyingi hupewa kazi ya likizo ya kiangazi: pengine kitabu kizima wakisome na kukifupisha, pengine Katiba ya nchi yao waichambue. Likizo yao ni ya miezi miwili na zaidi. Sisi tunalia kwa wiki tatu za Agosti!

Basi karatasi ikishagawiwa, hukunjwa, ikatiwa ndani ya kitabu, na kitabu kikalala chini ya kitanda. Jumapili ya mwisho kabla ya kufungua ndipo mbio huanza. Mmoja amepata majibu kwa binamu yake wa Uthiru, ameyapiga picha kwa simu, na ifikapo saa tatu usiku nusu ya darasa ina majibu yale yale na makosa yale yale. Kuna wakati mwalimu alikusanya madaftari akakuta watu kumi na wanane wameandika kwamba Waraka wa Devonshire ulitolewa mwaka 1932 badala ya 1923. Aliyetangulia aligeuza tarakimu mbili, na wenzake wakamfuata kama kondoo. Mwalimu hakugomba. Aliandika 1932 ubaoni, akaweka chaki chini, akatutazama.

Wacha sasa nieleze mtihani wenyewe unataka nini, kwa maana hapo ndipo kunakili kunapotuangusha. Karatasi ya kwanza ni ya Kenya, ya pili ni ya Afrika na ulimwengu, na kila moja ni ya saa mbili na nusu. Sehemu A ina maswali 17 ya lazima, alama 25. Sehemu B unachagua maswali matatu kati ya manne, alama 45. Sehemu C ni ya mambo ya serikali, unachagua mawili kati ya matatu, alama 30. Sehemu A mtu anaweza kuikariri. Kule mbele ndiko kwenye moto: kila swali lina alama 15, na mara nyingi alama 10 au 12 kati ya hizo ni za neno moja tu, "eleza". Hapo hoja ukiitaja na kuiacha uchi hupati alama zake zote. Alama ya pili ni ya maelezo. Mwenye kunakili ana hoja kumi kichwani na hana maelezo hata moja, kwa sababu ile picha ya simu haikuja na maelezo.

Maelezo hutoka wapi? Kitabuni, ndiyo. Lakini nimeona kwamba yanayokaa kichwani bila kukaririwa ni yale uliyoyaona kwa macho au kuyasikia kwa mtu. Na sisi watu wa Kinoo tuna bahati ambayo hatuioni, kwa sababu silabasi ya karatasi ya kwanza imepita mbele ya milango yetu. Hebu panda matatu hapa uende mjini, uyasome majina ya barabara kama unavyosoma daftari.

Unaanza na Waiyaki Way yenyewe. Ukishapita Uthiru na Kangemi unafika njia panda ya James Gichuru, aliyeongoza chama cha KAU kabla ya kumwachia Jomo Kenyatta nafasi hiyo mwaka 1947. Ukiingia mjini, karibu na Chuo Kikuu, kuna barabara ya Harry Thuku. Huyu alikamatwa mwezi Machi 1922 kwa sababu ya siasa za East African Association, watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na tarehe 16 wakapigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakemea wanaume kwa uoga wao, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Mahali penyewe ni hapo hapo barabara yake inapopita. Halafu Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba kupinga kupunguzwa kwa mifugo mwaka 1938. Halafu Koinange, Kimathi, Tom Mboya, Ronald Ngala. Moi Avenue zamani iliitwa Government Road, na ndiko Tom Mboya alikopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Kenyatta Avenue iliitwa Delamere Avenue. Mwanafunzi akiandika aya moja kwa kila jina, awe ameeleza mtu huyo alifanya nini na barabara iliitwaje kabla yake, amemaliza sehemu kubwa ya somo la harakati za kupigania uhuru kwa nauli ya matatu.

Kwenu wanachama wa Kiswahili nina ombi la pembeni. Mkifika Kenyatta Avenue simameni mbele ya zile sanamu tatu za askari na mchukuzi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ziliwekwa mwaka 1928, na maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Kiswahili hicho kilichongwa kabla ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930 ili kusanifisha lugha hii. Kisomeni polepole. Hao wachukuzi, Carrier Corps, ndio walioacha jina la Kariokor. Na tukiwa hapo kwenye lugha, mmewahi kuona jinsi mtihani wa Kiingereza unavyojaa maneno yetu? Kipande, askari, majimbo, harambee, baraza, uhuru. Ukijua neno "kipande" maana yake nini katika Kiswahili cha kawaida, huhitaji kukariri kwamba ilikuwa ni karatasi ya kumtambulisha mwanamume Mwafrika, aliyotakiwa kuivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma.

Turudi kwenye Waiyaki, kwa maana jina hili tunalitaja kila siku tukimwambia makanga, "Shukisha," na wengi wetu hatumjui mwenyewe. Mwezi Oktoba 1890 Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya IBEA alifika Dagoretti, si mbali na hapa, akala kiapo cha urafiki na Waiyaki wa Hinga na kujenga ngome. Urafiki haukudumu. Watu wa kampuni walichukua vyakula na mali za wenyeji, wenyeji wakaipiga ngome, ikaachwa na kuchomwa. Mwaka 1891 Kapteni Eric Smith akajenga ngome nyingine upande wa Kabete, ikaitwa Fort Smith. Mwezi Agosti 1892 Waiyaki aligombana na wazungu ndani ya ngome hiyo, akajeruhiwa, akafungwa, akapelekwa njia ya pwani. Hakufika. Alifia Kibwezi.

Alikufaje? Hapa ndipo historia inapokuwa tamu, na ndipo kazi ya likizo inapokuwa kazi. Maandishi ya wazungu wa wakati ule yanasema alikufa njiani kwa sababu ya jeraha la kichwa. Wazee wetu wengi husema alizikwa akiwa hai, kichwa kikitangulia chini. Mwanafunzi wa kunakili huchagua moja na kuendelea. Lakini tangu kidato cha kwanza tumesoma kwamba masimulizi ya mdomo na maandishi ni vyanzo vya historia, na kila kimoja kina faida na kasoro zake. Hili hapa ndilo jaribio lenyewe. Nani aliandika? Alikuwa na haja gani ya kuficha? Anayesimulia aliyapata kwa nani, na kwa nini simulizi hiyo imedumu kwa zaidi ya miaka mia moja? Ukishajiuliza maswali hayo kuhusu Waiyaki mmoja, swali la kasoro za masimulizi ya mdomo halitakusumbua tena, maana mfano unao kiganjani.

Sasa nifike kwenye sababu ya pili, ile niliyosema ni nzito. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja wa Kati ikawaweka katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa, na Kiambu haikuachwa. Fanya hesabu kidogo. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1954 leo amepita themanini. Aliyekuwa mtu mzima wakati huo, wenye kumpata ni wachache sana. Kila likizo tunarudi shule tukisikia mazishi ya cucu wa fulani au guka wa fulani, na hakuna aliyewahi kuketi naye na daftari. Maswali ya marudio yatakuwepo dukani mwaka ujao, na mwaka wa kesho kutwa pia. Hao hawatakuwepo.

Likizo ya Desemba iliyopita watatu wetu tulimwendea bibi mmoja jirani. Jina lake silitaji kwa heshima yake. Hatukwenda mikono mitupu. Tulibeba sukari na majani ya chai, na tulipomkuta anaambua maharagwe tukakaa tukaambua pamoja naye. Tulimwambia, "Cucu, tumekuja kusalimia, na shule imetutuma tujue mlivyoishi mkiwa wadogo." Kitabu chetu kinasema kwamba watu walihamishiwa vijijini, kwamba kulikuwa na kafyu, na kwamba kulikuwa na kazi ya lazima. Hizo ni hoja tatu. Yeye alitupa maelezo. Alisema mama yake alibomoa nyumba yao kwa mikono yake mwenyewe, akabeba nguzo mgongoni kwenda kujenga upya mahali walipoonyeshwa, nyumba zikiwa zimepangwa mstari. Alisema wanawake ndio waliochimba handaki kuzunguka kijiji na kupanda ndani yake miti iliyochongwa ncha, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, na kwamba mashambani waliruhusiwa kwenda kwa saa chache tu, magugu yakashinda mazao. Halafu akasema jambo ambalo sijalisoma popote. Moto wako ukizimika baada ya kafyu, hukuruhusiwa kutoka kwenda kuomba kaa kwa jirani aliye hatua kumi. Mlilala na chakula kibichi chunguni.

Mwenzetu mmoja, kwa pupa, akamuuliza mume wake alikuwa upande gani. Cucu aliyatazama maharagwe. Baadaye akatuuliza kama mvua ilinyesha upande wa Kikuyu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nalisema hili ili wengine wajue. Hapa kwetu aliyekuwa ngati na aliyekuwa msituni walirudi wakaishi kijiji kimoja, watoto wao wakaoana, na sasa wajukuu wanakaa dawati moja. Ardhi nayo imo ndani: wakati wengine wako kizuizini, mashamba yaliunganishwa na kupimwa upya chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954, na wapo waliorudi wakakuta mipaka imehama. Leo mashamba hayo hayo yana nyumba za ghorofa. Kwa hiyo usiulize nani alikuwa upande gani. Uliza walikula nini, walichota maji wapi, shule ilikuwa wapi, nani alichimba, filimbi ililia saa ngapi. Mzee akitaka kufika kwenye upande, atafika mwenyewe. Asipotaka, funga daftari mnywe chai. Wala usirekodi kwa simu kabla ya kuomba ruhusa. Na ikiwa amesimulia kwa Kikuyu, andika maneno yake kwanza kwa Kikuyu, ndipo uyafasiri jioni ukiwa umetulia, kwa maana ukifasiri papo hapo utaandika kitabu cha shule badala ya maneno yake.

Upande wa serikali nitaupitia haraka, maana ni rahisi zaidi. Kinoo ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Kikuyu, katika Kaunti ya Kiambu. Nchi nzima ina wadi 1,450, maeneo bunge 290 na kaunti 47. Sisi tuko mpakani: ukishuka kuelekea Kangemi umeshaingia Kaunti ya Nairobi bila kuulizwa kitambulisho. Chukua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linalogawa kazi kati ya Serikali ya Kitaifa na kaunti, kisha tembea mtaa wenu na kalamu. Taka zilizorundikana ni za kaunti. Zahanati, kaunti. Polisi, taifa. Chekechea ya mdogo wako, kaunti. Shule yetu ya upili, taifa. Waiyaki Way ni barabara kuu ya taifa. Utashangaa ni watu wazima wangapi wanaomlaumu gavana kwa mambo yasiyo yake, na kumsamehe kwa yaliyo yake. Na kaunti ikiitisha kikao cha umma kuhusu bajeti, nenda ukakae nyuma usikilize. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na huko utapata mifano ya sehemu C ambayo hakuna kitabu cha marudio kinachoweza kukupa.

Mwenye nauli zaidi afike Jumba la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue. Chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Ndani zimehifadhiwa taarifa za maofisa wa wilaya za enzi za ukoloni, Kiambu ikiwemo. Ni vyema kwenda na barua ya mwalimu na kitambulisho cha shule.

Walimu wetu wapendwa, nanyi mniruhusu neno moja kwa adabu. Karatasi ya maswali hamsini inamwalika mtu anakili, hasa akijua kwamba wiki ya kufungua ina mitihani na madaftari huenda yasisahihishwe. Tupeni maswali kumi na tano ya marudio na kazi moja ya kwenda kuuliza, kisha muisome hiyo moja. Mtu hawezi kunakili maneno ya cucu wa mwenzake, kwani mtajua tu.

Madaftari ya mazungumzo tumeanza kuyaweka katika kabati la Chama cha Kiswahili, rafu ya chini. Kufikia sasa yapo saba. Anayetaka kuongeza lake aandike tarehe ya mazungumzo, kijiji, umri wa msimulizi na lugha aliyotumia. Jina aliache kando ikiwa mwenyewe hajaruhusu. Katibu huyapokea kila Alhamisi baada ya masomo, na likizo ya Agosti ikikaribia tutagawana vijiji, ili watu watano wasimwendee mzee mmoja.